Umekuja na Nani?

Ukifika kandokando ya mto Ruvu jua limeshazama, mwanzi begani na kopo la nyungunyungu mkononi, mtu mzima wa kwanza utakayemkuta hatakuuliza umeleta chambo gani. Utamwamkia, "Shikamoo mjomba," naye ataitikia, "Marahaba. Umekuja na nani?" Ukijibu kwamba uko peke yako, mazungumzo ya samaki hayaanzi. Ama utaambiwa ukae hapo hapo alipo yeye, ama utaambiwa urudi nyumbani, wala hakuna atakayeona kwamba umevunjiwa heshima.

Huo ndio utaratibu waliokulia Wazaramo wa Vihingo na vijiji vingine vya Kisarawe na Kibaha vinavyoutegemea mto huu, na majirani zao Wakwere, Wakutu na Waluguru. Wazaramo kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na hata baada ya Uislamu kuenea, mjomba amebaki kuwa mtu mwenye sauti kwa mpwa wake. Vijana wengi walifundishwa kufunga ndoana na mjomba, na somo lilianzia nyumbani kabla ya kufika mtoni: kuaga. Unamwambia mtu wa nyumbani unakwenda sehemu gani, unakwenda na nani, unategemea kurudi saa ngapi. Sehemu hutajwa bayana, penye mkuyu ulioinama, kwenye kivuko cha zamani, kwenye kona ya matete, ili atakayetumwa kukufuata asihangaike gizani. Ukihama sehemu, unatoa taarifa.

Nayasema haya kwa uzito kwa sababu naona yanaanza kuachwa. Tochi ya kuvaa kichwani sasa inapatikana kila duka, bodaboda inamfikisha kijana mtoni kwa dakika chache akishamaliza shughuli zake, na simu mfukoni inampa moyo kwamba hayuko peke yake. Lakini simu haimvuti mtu kutoka majini. Katika vifaa vyote vya uvuvi wa usiku, mwenzi ndiye wa kwanza, na vingine vyote vinafanya kazi vizuri pale tu alipo.

Chukua habari ya maji yenyewe. Ruvu huanzia milima ya Uluguru, hupokea Mgeta na Ngerengere, kisha huteremka tambarare za Pwani hadi Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Njiani huchotwa na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na sehemu kubwa ya Dar es Salaam huishi kwa maji hayo. Mababu wa Wazaramo waliitazama Uluguru kwa heshima ya pekee. Huko ndiko alikokaa Kolelo, mzimu wa mvua na rutuba, na mvua ilipogoma watu walifunga safari kwenda kumwomba. Wengi hawaendi tena, lakini macho yao bado yanaelekea huko, na mvuvi ana sababu ya kufanya hivyo. Mvua ikinyesha Uluguru, maji huja kupanda huku chini hata kama anga lako limejaa nyota. Wewe umekaa pakavu, hujasikia radi wala upepo, na mto unakusogelea.

Kwa hiyo anayeijua kazi, kabla hata ya kutia chambo, huchomeka kijiti pale maji yanapoishia. Kila baada ya muda mmoja wa wenzi hukimulika. Maji yakikipita vidole viwili vitatu, rangi ikigeuka ya udongo, na majani, povu na vijiti vikianza kushuka kwa pamoja, mishipi inakunjwa. Hakuna kungoja kambale wa mwisho. Bwawa linalojengwa Kidunda, huko juu mkoani Morogoro, likishaanza kufanya kazi, mto utakuwa unapanda na kushuka pia kwa kufunguliwa na kufungwa kwa milango yake. Ningependa vijiji vya chini vizoeshwe mapema kupewa taarifa, maana kijiti kinaonyesha maji yaliyokwisha kufika tu.

Na ukingo nao una habari zake. Maji ya masika hula udongo kwa chini na kuacha mdomo uliosimama juu bila kitu, ukitazama usiku unaona ardhi nzima. Mahali penye ufa sambamba na mto hapakaliwi. Sheria ya Mazingira ya 2004 ilizuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na penye matete na miti iliyoachwa hadi majini udongo hushikana. Penye bustani iliyolimwa mpaka kwenye mdomo wa mto, udongo huporomoka, na mara nyingine huporomoka na mtu juu yake.

Sasa vifaa. Samaki wa usiku hasa ni kambale, halafu mkunga na ngogo; perege ni wa mchana zaidi. Kambale hutafuta chakula kwa sharubu na harufu, ndiyo maana utumbo wa kuku, nyungunyungu au kipande cha samaki kilichoanza kunuka humvuta gizani. Mshipi wa nailoni uwe mnene, maana kambale mkubwa hujisokota akishanasa. Ndoana huuzwa kwa namba, na namba ikiwa kubwa ndoana yenyewe huwa ndogo. Mgeni hukosea hapo akarudi na ndoana za dagaa. Chubwi hununuliwa la risasi, na asiye nalo hufunga nati kuukuu ya baiskeli. Boya ni kipande cha kandambili iliyochakaa. Mwanzi unachomekwa ardhini kwa nguvu, mshipi unaning'inizwa kopo lenye vijiwe viwili ndani, na kopo likilia unajua kuna mgeni.

Kuna wanaofunga mshipi kwenye kidole cha mguu au kuuzungusha kwenye kifundo cha mkono ili wasinzie. Jambo hili nalipinga kabisa. Anayekula chambo chini ya maji hayo si kambale peke yake. Mshipi ufungwe kwenye mti au kigingi, usifungwe kwenye mwili wa mtu. Anayetaka kusinzia asinzie mbali na maji, mwenzake akiwa macho, na ndiyo maana wakiwa watatu ni bora kuliko wawili.

Buti za mpira, gambuti, ni kinga nzuri ya nyoka na miiba, ila ziwe za nafasi, za kuvuka kwa teke moja. Gambuti iliyokubana na kujaa maji inakuvuta chini. Shati la mikono mirefu na suruali nzito huzuia mbu, na malaria bonde hili haijaisha. Tochi ziwe mbili, na ya kichwani isiwashwe muda wote, kwa sababu inavuta wadudu usoni na kukupofusha usione kitu nje ya duara lake. Washa unapofunga ndoana, unapotoa samaki, na unapomulika kijiti na maji. Moto mdogo uwake nyuma yenu, kwenye udongo mtupu uliofyekwa. Wakati wa kiangazi cheche moja katika matete inatosha kuchoma bonde zima.

Kuna kifaa kimoja ambacho hakiuzwi dukani kama kifaa cha uvuvi, nami ningekiweka mbele ya vyote baada ya mwenzi: dumu tupu la lita 20, lililofungwa kifuniko vizuri, lenye kamba ndefu kwenye mkono wake. Mtu akiteleza, unamtupia dumu, analikumbatia, unamvuta. Watu wengi wanaokufa kwa kuokoa walijitosa kwa huruma wakiwa hawana cha kushika. Huyo anayezama hukushika kwa nguvu zote na mnashuka pamoja. Kijana anayeingia mtoni mara ya kwanza afundishwe kutupa dumu kabla ya kufundishwa kutupa ndoana.

Mamba ndiye mwenye mto usiku. Ukimmulika, macho yake hurudisha mwanga mwekundu usawa wa maji. Yakizama, usidhani ameondoka. Mamba hujifunza mazoea. Akiona kila jioni mtu anainama mahali pale pale kunawa au kuosha samaki, atapangoja. Ndiyo sababu wazee hubadilisha sehemu ya kukaa, hukaa hatua kadhaa nyuma kutoka majini, mahali palipoinuka, na hawaoshi samaki wala kumwaga utumbo pale wanapovulia. Maji ya kunawa huchotwa kwa kopo lililofungwa kamba. Hatari kubwa zaidi ni wakati ule wa furaha: samaki amenasa, anapiga mkia, nawe unataka kushuka umshike. Kelele zile ndizo zinazomwita mamba. Rudi nyuma na mshipi mkononi, mburute samaki mpaka juu kwenye nyasi, kisha umpige rungu, maana kambale na ngogo wana miiba mikali kwenye mapezi ya ubavu na jeraha lake huuma usiku kucha. Ndoana ikikwama kwenye gogo, kata mshipi. Bei ya ndoana haifiki bei ya soda, na hakuna sababu ya kuingia majini kuifuata.

Mwishoni mwa 2021 na tena 2022 Ruvu ulipungua mpaka Dar es Salaam ikapata maji kwa mgao. Nyakati kama hizo samaki hukusanyika kwenye vilindi vichache vilivyobaki, na mvuvi huviona kama bahati. Lakini mamba naye amekusanyika huko huko, na ng'ombe wanaletwa kunywa huko huko.

Kiboko ni habari nyingine, kwa kuwa yeye usiku yuko nchi kavu. Hutoka kula majani na kurudi alfajiri kwa njia ile ile, iliyokanyagwa ikawa kama mtaro. Usikae kwenye njia hiyo, na usikae kati ya kiboko na maji. Ana uzito wa zaidi ya tani moja na anamshinda mtu mbio. Ukimsikia anakoroma nyuma yako, ondoka kwa upande, taratibu, umwachie mto.

Nyoka huogopwa sana na watu hukatazwa kupiga mluzi usiku ili wasimwite. Sina ugomvi na katazo hilo. Ukingo wenye utulivu unasikika vizuri zaidi. Ninachokataa ni yanayofanywa mtu akishaumwa: kuchanja, kufyonza, kukaza kamba mpaka mguu unakufa ganzi. Kifutu hulala kimya kwenye majani makavu na kuuma anayemkanyaga. Aliyeumwa alazwe, mguu ufungwe ubao usitikisike, avuliwe pete na viatu kabla hajavimba, apelekwe hospitali bila kutembezwa. Swila akitema mate machoni, osha kwa maji mengi safi, tena na tena. Kazi zote hizi mtu mmoja hawezi kujifanyia.

Liko jambo moja zito zaidi. Mtu akichukuliwa na mamba, utasikia baadhi wakinong'ona kwamba mamba yule alitumwa, na macho yanamgeukia mzee fulani au mjane fulani. Naiheshimu mila ya watu wangu, lakini hapa nasema wazi kwamba tunaongeza msiba juu ya msiba. Mamba huwinda. Hirizi haikumzuia na mjane hakumtuma. Linalofaa ni kumpa taarifa mtendaji wa kijiji na ofisa wanyamapori wa wilaya ili mnyama ashughulikiwe. Kanuni za 2011 zinawapa wafiwa kifuta machozi, na taarifa isipotolewa hakuna cha kudai. Namba za dharura, 114 ya Zimamoto na Uokoaji na 112 ya polisi, kila mvuvi azihifadhi kwenye simu, na simu iwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa.

Mwenzi anasaidia pia kuulinda mto. Wako wanaotumia giza kumwaga utupa au dawa za shambani majini ili samaki waelee, kinyume cha Sheria ya Uvuvi ya 2003, na sumu ile inashuka mpaka kwenye ndoo za jirani. Palipo na wavuvi waliokaa wakiitana kila baada ya muda, mwenye sumu hapati nafasi.

Kuitana huko nako kuna taratibu. Mnaita, mwenzenu wa kona ya pili anaitikia. Asipoitikia mara ya pili, hamwiti tena, mnakwenda. Hakuna anayesema labda amelala.

Alfajiri samaki humwagwa mahali pamoja na kugawanywa mafungu. Aliyekesha akilinda moto na kumulika kijiti, hata kama ndoana yake haikuguswa usiku kucha, hupewa fungu sawa na la aliyevua kambale watano, na huchagua mapema kwa kuwa hakuwa na samaki wa kuwaangalia. Samaki wengine hupelekwa barabarani kuuzwa, wengine hubanikwa kwa moshi, na wa siku hiyo huungwa kwa nazi na kuliwa kwa bada. Anayeficha samaki wake kwenye kiroba ili asigawe haambiwi kitu. Jioni inayofuata, akipita kuulizia nani anakwenda mtoni, anakuta kila mtu ana shughuli nyingine, na Wazaramo ninaowajua wangemzuia asiende peke yake hata siku hiyo.