Sahani ya mimea ya majani manene: pambo la nyumba bila kugusa feza ya chakula



Mara nyingi tunazungumza hapa juu ya chakula, feza ya masomo na afya ya watoto. Juma hili tuzungumze juu ya uzuri wa nyumba. Mama anayeishi katika chumba kimoja au viwili naye anastahili kuwa na kitu kizuri mezani pake. Wengi wanadhani kwamba pambo ni la wenye mali. Wengine wananunua maua ya plastiki, na baada ya miezi michache yamejaa vumbi na rangi imekwisha. Sahani ya mimea ya majani manene inaweza kukaa miaka mingi, na hapa Goma karibu kila kitu kinachohitajika kiko nje ya mlango.

Tuanze na kanuni moja ya feza: vyote utakavyonunua kwa kazi hii visipite bei ya mkate mmoja. Kikizidi hapo, kiache, utafute njia ingine.

Ni mimea gani?

Ni ile ambayo shuleni tuliisoma kwa Kifaransa kwa jina la plantes grasses. Majani au mashina yake ni manene kwa sababu yanatunza maji. Mingi kati yake hufunga matundu ya majani mchana wakati wa jua kali, na kuyafungua usiku, ili maji yasipotee. Ndiyo maana inavumilia mama akisahau kuinywesha.

Usiende kuinunua. Omba kipande kwa jirani au kwa mama mwenzako wa kikundi. Minne hii inatosha kwa kuanza:

1. Sansevieria, yenye majani marefu yaliyosimama kama panga. Wafaransa huiita kwa utani ulimi wa mama mkwe. Asili yake ni Afrika, tangu Nigeria hadi Kongo yetu, na huko Ulaya watu wanainunua madukani.
2. Aloe vera. Chukua vitoto vinavyoota pembeni ya mama yao, pamoja na mizizi yao. Jani la aloe vera ukilipanda peke yake litaoza tu.
3. Crassula, kichaka kidogo chenye majani ya mviringo, manene na ya kung'aa. Kijiti kimoja kinatosha, hata jani moja linaweza kuota.
4. Kalanchoe, ule mmea ambao jani lake likianguka chini, vitoto vinatoka kwenye kingo zake.

Jambo moja juu ya sansevieria: jani lake likikatwa vipande huota, lakini sehemu iliyokuwa chini ni lazima ibaki chini. Ukigeuza kipande juu chini, hakitatoa mizizi. Na ile yenye kingo za manjano, ukiipanda kwa kipande cha jani, vitoto vitatoka vya kijani tu. Ukitaka manjano yabaki, gawanya shina la chini ya udongo.

Vitu vya kutayarisha

Chombo: sahani ya kina, beseni lililopasuka, sufuria inayovuja, kopo la maziwa, au bidoni ya mafuta iliyokatwa. Usichukue chombo kilichobeba dawa ya wadudu au maji ya betri. Kingo za kopo au bidoni zilainishe kwa jiwe ili zisikate mikono ya watoto.

Tundu: hili ndilo la maana kuliko yote. Toboa matundu matatu au manne chini ya chombo. Kwa plastiki tumia msumari uliopashwa moto kwenye makala. Kwa bati, msumari na nyundo. Chombo kisicho na tundu kinageuka kaburi la mimea hii.

Udongo: pima kwa kopo la Guigoz kama sokoni. Kopo moja la udongo mweusi, moja la mchanga, na moja la mawe ya volkano yaliyopondwa kama punje za mahindi. Udongo mtupu hukaa na maji muda mrefu mno.

Juu ya mawe hayo niseme kidogo. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji hadi ziwani, na tarehe 22 Mei 2021 ukashuka tena hadi Buhene. Wengi wetu walipoteza nyumba chini ya mawe haya. Lakini jiwe la volkano lina vitundu vingi ndani yake, linapitisha maji na hewa, na kwa mizizi ya mimea hii ni zuri sana. Huko mbali watu wananunua mawe ya namna hii katika mifuko midogo. Sisi tunayakanyaga.

Kazi yenyewe

Siku ya kwanza, kata vijiti na majani kwa kisu safi. Usivipande siku hiyo. Viweke kivulini, mahali pakavu, kwa siku tatu hadi tano, mpaka kidonda cha mkato kikauke na kuwa kama ngozi. Kidonda kibichi kikiingia udongoni kinaoza.

Siku ya kupanda, weka mawe makubwa kidogo juu ya matundu, kisha udongo ule uliochanganywa. Acha nafasi ya kidole kimoja chini ya ukingo. Panga mimea kabla ya kuipanda, uitazame. Mirefu ikae nyuma, kama katika picha ya darasa: sansevieria nyuma, aloe vera na crassula katikati, kalanchoe ndogo mbele. Usiibanane, kwa sababu itakua. Mwishoni funika udongo kwa mawe madogo meusi. Hapo hata kopo la maziwa linapata heshima.

Weka chombo karibu na dirisha au chini ya baraza, penye jua la asubuhi. Mmea uliozoea kivuli usiutoe ghafla kwenye jua la saa sita, majani yataungua. Uzoeshe polepole, kwa siku kumi hivi.

Maji: upendo unaoua

Kwa juma la kwanza usitie maji hata kidogo. Baadaye, ingiza kijiti kikavu hadi chini ya udongo, ukichomoe. Kikitoka na unyevu, ngoja. Kikitoka kikavu, nywesha mpaka maji yatoke kwenye matundu, kisha ungoje tena. Wakati wa mvua chombo kikae chini ya mabati, kisinyeshewe kila siku. Wakati wa kiangazi pangusa vumbi kwenye majani kwa kitambaa chenye maji.

Majani yakinyauka na kukunjamana, mmea una kiu, nao utapona. Yakiwa laini, ya manjano na yenye maji ndani, umenywesha mno: ondoa yaliyooza, kata sehemu nzima, anza upya. Maji yaliyobaki katika kisahani cha chini yamwagwe siku hiyo hiyo, tusiwafugie mbu ndani ya nyumba.

Mkono wa mtoto

Wamama, hapa tusikilizane vizuri. Mti wa lugo wenye vijiti vya kijani kama penseli, unaotoa maziwa meupe ukivunjwa, ambao wengine wanauita mnyaa, unapendeza katika chombo. Usiuingize nyumbani. Maziwa yake yanachoma ngozi, na yakiingia jichoni yanaweza kumfanya mtoto asione kwa siku kadhaa, au kumwachia madhara makubwa zaidi. Hata yule mmea wa miiba wenye maua madogo mekundu hutoa maziwa ya namna hiyo. Maziwa hayo yakimwingia mtoto jichoni, osha jicho mara moja kwa maji safi mengi, kwa dakika 15 na zaidi, kisha mpeleke kituo cha afya. Usitie maziwa ya ziwa wala dawa ya majani.

Ile minne niliyotaja haina maziwa ya kuchoma, lakini si chakula. Maji ya manjano yaliyo chini ya ngozi ya aloe vera yanaendesha tumbo kwa nguvu. Mtoto mdogo na mama mwenye mimba wasiyanywe. Kalanchoe inaweza kudhuru mbuzi na ng'ombe. Kwa hiyo sahani ikae juu kuliko mkono wa mtoto anayetambaa.

Mtoto mkubwa, lakini, mpe kazi. Apime udongo, apange mawe, aandike tarehe ya kupanda na tarehe mzizi wa kwanza ulipoonekana. Crassula inaweza kutoa mizizi katika majuma mawili hadi manne. Kipande cha sansevieria kinaweza kuchukua miezi miwili. Hilo ni somo la sayansi na pia la uvumilivu, na halidai daftari jipya.

Katika kikundi

Wamama kumi wakileta kila mmoja aina moja ya mmea, kila mmoja anaweza kurudi nyumbani na aina kadhaa bila kutoa franka. Mezani siku ya tarehe 8 Machi, au katika harusi ya binti wa mmoja wetu, sahani hizo zitapamba ukumbi, na kesho yake zinarudi nyumbani zikiwa nzima. Anayetaka kuuza aanze na vitano tu, avitunze miezi mitatu mpaka mizizi ishike vizuri. Mnunuzi akipewa mmea usio na mizizi hatarudi tena.

Kazi ya nyumbani kwa juma hili: tafuta chombo kimoja kilichotupwa, kitoboe, omba vijiti viwili kwa jirani, uviweke kivulini. Katika kikao kijacho njoo navyo vikiwa vimekauka, na kopo moja la mchanga. Tutapanda pamoja.