Daktari Mtarajiwa na Hesabu za Mabadiliko

Yawezekana nyumbani mwako yumo kijana wa kidato cha tano aliyechagua Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa kuwa anatamani udaktari, na ambaye, pindi itajwapo kalkulasi, hujibu kwamba mgonjwa hatibiwi kwa hesabu. Binti wa jirani yangu alikuwa na jibu hilo hilo. Somo la Hisabati Tumizi lilikuwamo katika ratiba yake, lakini mwalimu alihama na nafasi yake haikujazwa. Ikambidi binti ajifunze peke yake wakati wa likizo, mezani, huku mama yake akichambua mchele.

Alianza vibaya. Alinakili kanuni zote, na baada ya wiki mbili hakuliweza hata zoezi la kwanza. Aliponiletea daftari niliona kwamba kosa halikuwa katika kalkulasi, bali katika vipeo na sehemu, mambo ya miaka ya nyuma. Akayarudia kwa siku kumi bila kuona haya. Nalitaja hili kwa sababu wazazi wengi huwahi kusema mtoto hana kichwa cha hesabu, kumbe ana pengo la zamani tu.

Kilichomfungua macho ni dawa mseto ya malaria. Mtu mzima amezapo vidonge 4, hupata miligramu 80 za artemetha na 480 za lumefantrini. Artemetha hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi. Tuchukulie, kwa wepesi wa hesabu, kwamba miligramu zote 80 zimo mwilini: baada ya saa 2 zitabaki 40, baada ya saa 4 zitabaki 20, na baada ya saa 6 zitabaki 10. Tazama vyema: katika saa 2 za kwanza zimetoka 40, katika saa 2 za mwisho 10 tu. Kasi ya kupungua nayo hupungua, kwani hufuata kiasi kilichosalia. Kuuliza kasi hiyo ni ipi katika dakika hii hasa, wala si kwa wastani, ndiko kuanza kalkulasi. Binti alichora grafu, akaegemeza rula iguse mstari uliopinda mahali pamoja, akapima mteremko. Tawi la pili la elimu hiyo hupima eneo lililo chini ya mstari, nalo huwaonyesha wataalamu jumla ya dawa iliyoupitia mwili. Lumefantrini hukaa siku kadhaa, ikamalize vimelea waliosalia mwenzake akiisha kutoweka. Basi aachaye dozi siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka huukata mstari huo katikati.

Kwa ajifunzaye peke yake, kipo kitabu cha Silvanus Thompson, Calculus Made Easy, cha mwaka 1910. Profesa huyo hakutia jina lake katika chapa ya kwanza. Pengine alichelea kuchekwa na wenzake kwa kulirahisisha somo. Nusu saa kila siku yatosha, mradi grafu itangulie kanuni na apatikane mtu wa kuelezwa.

Binti alimweleza mama yake, aliyeishia darasa la saba. Mama akauliza: ikiwa kila mara hubaki nusu, dawa itakwisha lini? Binti akanyamaza kitambo, kisha akalifungua daftari upya.