Intaneti ya kasi kwa laini ya simu: tuelewe kabla ya kutoa feza



Katika mtaa mmoja wa pembeni mwa Kolwezi, ambako waliofika kwa sababu ya vita wanaishi pamoja na wenyeji, alikuja mtu mwenye mkoba na karatasi zenye mihuri. Aliona kisanduku cha zamani cha simu kwenye ukuta wa ukumbi wa kamati. Akasema: "Laini mnayo tayari. Nitawaletea intaneti ya kasi kwa waya huu huu." Watu walifurahi. Wengine walitaka kuwatafuta ndugu waliopotezana nao njiani, vijana walitaka kusoma. Kila nyumba ikachanga franka.

Wiki zikapita na intaneti haikuja. Wenyeji wakaanza kusema kwamba waliokuja wamekula mchango. Waliokuja nao wakasema kwamba kamati ni ya wenyeji, basi waulizwe wao. Siku ya mkutano mama mmoja alisimama:

"Papa Presida, feza yetu iko wapi?"

"Mama, niliamini neno la mtu aliyevaa vizuri," mzee alijibu. "Sikujua niulize nini."

Nilikuwepo siku hiyo. Jibu la mzee lilikuwa la kweli, na ndilo lililonifanya niandike makala hii. Ugomvi ule haukuzaliwa na chuki. Ulizaliwa na jambo ambalo hakuna aliyetueleza. Basi tulieleze.

LAINI YA KAWAIDA YA SIMU NI KITU GANI?

Simu ya mezani inafika nyumbani kwa nyaya mbili nyembamba za shaba zilizosokotwa pamoja. Unene wa kila moja ni kama nusu milimita. Nyaya hizo zinatoka kwenye jengo la mitambo ya simu, zinapita chini ya ardhi au juu ya miti, na kila mteja ana jozi yake mwenyewe.

Sauti ya mtu anayezungumza inatumia sehemu ndogo sana ya uwezo wa waya huo. Simu inabeba mitetemo isiyozidi 3,400 hivi kwa sekunde, na hiyo inatosha kumsikia mwenzako. Waya wenyewe unaweza kubeba mitetemo zaidi ya milioni moja kwa sekunde. Kwa miaka mingi sehemu ile kubwa ilikaa bure, kama shamba la heka nyingi linalolimwa pembeni tu.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Marekani, mhandisi Joseph Lechleider wa maabara ya Bellcore alionyesha jinsi sehemu ile iliyokaa bure inavyoweza kutumika. Baadaye John Cioffi wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake waliendeleza njia ya kuigawa sehemu hiyo katika mifereji midogo mingi. Mfereji mmoja ukiwa na kelele, kazi yake inapelekwa kwenye mingine. Mwaka 1999 shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilipitisha kanuni za njia hiyo, inayojulikana kwa jina la ADSL.

INAFANYAJE KAZI?

Fikiria ngoma kubwa na filimbi zikipigwa pamoja katika sherehe. Sikio lako linazitofautisha, kwa sababu ngoma ina sauti nzito na filimbi ina sauti nyembamba. Ndivyo ilivyo ndani ya waya: mazungumzo yanapita chini, intaneti inapita juu. Kichujio kidogo nyumbani kinazitenganisha. Modemu inapokea upande wa intaneti, na simu inaendelea kulia kama kawaida. Kwa hiyo mama anaweza kuongea na simu huku mtoto akisoma kwenye kompyuta, waya ukiwa ni mmoja.

Zamani, kabla ya ADSL, modemu ilipiga simu kama mtu, na laini ilifungwa kwa wengine. Mwendo wake haukupita kilobiti 56 kwa sekunde. Picha moja ya megabaiti 1 ilihitaji zaidi ya dakika 2. Kwa ADSL ya kilobiti 512, picha hiyo hiyo inachukua sekunde 16 hivi. Kwa megabiti 8, kiwango cha juu cha ADSL ya kwanza, ni sekunde moja.

Lakini njia hii ina mipaka minne ambayo muuzaji hataitaja:

1. Umbali. Kadiri waya unavyorefuka, ndivyo intaneti inavyodhoofika. Ukipita kilomita 5 hivi kutoka kwenye mitambo, mara nyingi hakuna kitu cha maana kinachofika.

2. Waya mzima. Waya uliokatwa, uliooza au kuunganishwa ovyo hauwezi kubeba intaneti, hata kama kisanduku bado kiko ukutani.

3. Mwendo hauko sawa pande zote. ADSL inapokea haraka na inatuma polepole. Anayesoma habari hataona taabu. Kamati inayotuma picha na ripoti kila wiki itaiona.

4. Umeme. Simu ya zamani ya mezani ilipata nguvu yake kupitia waya wenyewe. Modemu inahitaji umeme wa nyumbani. Umeme ukikatika, nayo inalala.

KWA NINI HAIKUFIKA KWETU?

Hapa kuna jambo la kushangaza. Nchi yetu sasa ni ya pili duniani kwa kutoa shaba, baada ya Chile, na sehemu kubwa inatoka hapa Lualaba na Haut-Katanga. Tangu 1971 hadi 1997 Katanga yote iliitwa mkoa wa Shaba. Tumeishi juu ya shaba, lakini nyaya za shaba za simu hazikufika kwenye nyumba zetu.

Wazee waliofanya kazi Gécamines wanakumbuka simu za mezani maofisini na kwa wakubwa. Laini za watu wote zilikuwa za OCPT, ofisi ya serikali ya posta na simu, ambayo leo inaitwa SCPT. Uchumi ulipoanguka na uporaji wa 1991 ukapita katika miji mingi, Kolwezi pia, mitambo na nyaya vilikosa matunzo. Katikati ya miaka ya 2000, makadirio yalihesabu laini za mezani 10,000 hivi tu katika nchi nzima ya watu zaidi ya milioni 50.

Wakati huo simu ya mkononi ilikuwa imeshashika nafasi. Telecel ilianza Kinshasa katika miaka ya 1980, kwa matajiri. Celtel ilifika mwaka 2000 na Vodacom mwaka 2002, na watu wa kawaida wakaanza kununua uniti. Hatukupita kwenye daraja la simu ya mezani, tuliruka.

Majirani walikuwa na laini zaidi. Tanzania, TTCL iliuza ADSL kwa wateja wake wa mjini, na Kenya pia walikuwa nayo. Lakini Kenya wezi walikata nyaya za shaba mara nyingi sana, hata kampuni ya Telkom ikageukia simu zisizo na waya. Huko Ulaya nako shaba inaachwa: Ufaransa, Orange imepanga kufunga mtandao wake wa shaba ifikapo 2030 na kubaki na nyuzi za kioo, ambazo zinabeba mwanga badala ya umeme. Kwa hiyo asitudanganye mtu kwamba kesho kampuni italeta laini mpya za shaba mtaani kwetu.

JAMBO LA NYAYA ZINAZOKATWA

Tuseme na hili, kwa sababu linagusa amani. Waya wa shaba unauzika. Usiku mmoja waya wa umeme au wa simu unakatwa, na asubuhi lawama inawaangukia waliofika mwisho. "Kabla yao, mambo haya hayakuwepo." Tumesikia maneno ya namna hiyo. Tunakumbuka pia miaka ya 1992 na 1993, hapa Kolwezi na huko Likasi, maneno yalivyotangulia, na baadaye familia nyingi zenye asili ya Kasai zikajikuta kwenye stesheni za treni na mizigo yao.

Mwizi wa waya ana mnunuzi. Mkuu wa mtaa akitaka kujua ukweli, aulize kwanza nani ananunua, kabla ya kuuliza nani ni mgeni. Na kamati iwe na wajumbe wa pande zote mbili wanaokwenda pamoja kutoa taarifa. Mashahidi wawili wa pande mbili huzima uvumi mapema.

TUNA NJIA GANI LEO?

Kwa familia nyingi njia ni simu ya mkononi na kununua mega. Kwa kamati, simu moja nzuri au modemu ya kadi inaweza kuhudumia watu kadhaa kwa zamu. Nyuzi za kioo zinafika katika miji mikubwa. Tangu 2013 nchi imeunganishwa na waya wa baharini wa WACS pale Muanda. Kuna pia intaneti ya setilaiti. Mwaka 2024 mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, ilikataza Starlink, kisha mwaka 2025 ikaipa leseni. Kwa hiyo kila mara tuulize leseni kwa tarehe ya leo. Maneno ya jana hayatoshi.

Tena tusiweke mayai yote katika kikapu kimoja. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2018 intaneti ilikatwa nchini karibu wiki 3 baada ya uchaguzi. Waliokuwa na redio na mikutano ya mtaa walibaki na habari. Wengine walibaki na uvumi.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUCHANGA

– Intaneti hii inapita wapi: kwenye waya wa shaba, nyuzi za kioo, mnara wa simu au setilaiti?
– Kama ni laini ya simu: ukiinua simu leo, inalia? Mitambo iko kilomita ngapi kutoka hapa?
– Leseni ya kampuni iko wapi, na nani amekwenda kuihakikisha?
– Tunaweza kujaribu siku 7 kabla ya kulipa?
– Bei ya kila mwezi ni ngapi, na mwezi wa 6 nani atalipa?
– Feza inashikwa na nani, na daftari linaonwa na nani?

Swali la pili peke yake lingetosha mtaani kule. Tulipomwita fundi, alifungua kile kisanduku, akaufuata waya hadi nyuma ya ukumbi. Uliishia hapo, umekatwa zamani, na kwenye mti wa nje hapakuwa na kitu. Watu wa pande zote mbili waliona kwa macho yao wenyewe. Mjumbe mmoja wa wenyeji alimgeukia jirani yake aliyetoka mbali akasema, "Basi tumedanganywa wote." Mtu wa mkoba hakurudisha mchango hadi leo. Lakini lawama iliondoka kati yao, na mwezi uliofuata walichagua watunza-hazina wawili, mmoja wa kila upande.

MWISHO

Kisima cha mtaa kina kamati, zamu na daftari, kwa sababu tunajua maji yanaweza kupatanisha na yanaweza kugombanisha. Intaneti nayo iwekewe mambo hayo hayo matatu. Viongozi, tunawaomba msome maswali haya kwa sauti katika mkutano wenu ujao, kwa lugha zote zinazosemwa mtaani, kabla mtu mwingine mwenye mkoba hajafika.