Bendi iliyokataa kuhurumiwa

Vijana wetu husikiliza muziki wa kila aina katika simu zao, na wazazi wengi huuliza: huu muziki wa makelele unaoitwa punk ni kitu gani? Una maana yoyote, au ni fujo tu? Kuliko kujibu kwa jumla, tuangalie bendi moja ya Ufini, nchi ya kaskazini mwa Ulaya. Inaitwa Pertti Kurikan Nimipäivät, na wengi huifupisha kwa kusema PKN. Mambo yake yanatugusa hata sisi tulio mbali, kwa sababu wanamuziki wake wanne wote ni watu wenye ulemavu wa akili.

Kwanza, punk ni nini? Ilitokea katikati ya miaka ya 1970 katika miji ya New York na London. Wakati ule muziki wa rock ulikuwa umegeuka kazi ya wataalamu: nyimbo ndefu, vyombo vya bei kali, majukwaa makubwa. Vijana wasio na fedha wakasema kwamba hawatangoja ruhusa ya mtu. Bendi kama Ramones kule Marekani na Sex Pistols kule Uingereza zilionyesha kwamba ukijua kuweka vidole namna tatu juu ya gitaa, unaweza kupiga wimbo. Nyimbo zao zilikuwa fupi, za mbio, zenye hasira na utani pamoja. Ni kweli, ndani ya punk kulikuwa pia na matusi na ulevi, na hatulazimiki kuyasifu. Lakini wazo lake la msingi ni rahisi: mtu asiyesikilizwa na yeyote anaweza kusimama na kusema maisha yake yalivyo.

PKN ilianza mwaka 2009 huko Helsinki, mji mkuu wa Ufini, katika karakana ya muziki ya Lyhty, shirika linalohudumia watu wazima wenye ulemavu wa akili. Pertti Kurikka alipiga gitaa na kutunga muziki. Kari Aalto aliimba na kuandika maneno. Sami Helle alipiga gitaa la besi. Toni Välitalo, aliyezaliwa na hali inayoitwa Down, alipiga ngoma. Hawakuwa watoto waliofundishwa wimbo ili wageni wawapigie makofi. Kurikka alizaliwa mwaka 1956, kwa hiyo bendi ilipoanza alikuwa amepita miaka 50.

Utani wao unaanza na jina. Katika kalenda ya Ufini, karibu kila siku ina majina yake ya watu, na siku ya jina lako ndugu na marafiki wanakupongeza, pengine kwa kahawa na keki. Jina la bendi lina maana ya sikukuu ya jina la Pertti Kurikka. Unasoma tangazo lenye jina la karamu ya kahawa, kisha unaingia na kukuta magitaa yananguruma! Wimbo wao mwingine unaitwa Päättäjä on pettäjä. Kwa Kifini, päättäjä ni mtu mwenye kukata maamuzi, na pettäjä ni mdanganyifu. Herufi chache tu zinawatenganisha, na bendi ilijua vizuri inachokisema.

Nyimbo zao zinahusu maisha ya kila siku. Kari aliishi katika nyumba ya pamoja ya watu wenye ulemavu, na hakuipenda. Alitaka kuwa na chumba chake mwenyewe mjini. Akaimba juu ya hilo. Akaimba pia juu ya kutunzwa miguu na kukatwa kucha na mtaalamu, jambo alilolichukia. Msikilizaji anacheka, kisha anajiuliza: mimi nikichoka na jambo, ninaliacha. Huyu ndugu amepangiwa kila kitu na watu wengine, hata kucha zake. Yeye anaacha namna gani?

Mwaka 2012 ilitokea filamu juu yao, Kovasikajuttu, ya Jukka Kärkkäinen na J-P Passi. Filamu haikuwapamba kama malaika. Inawaonyesha wakigombana katika mazoezi, wakikasirika, wakipenda, wakiombana msamaha na kuendelea na kazi. Ni watu wazima wenye tabia zao, kama wanakwaya wa popote.

Tarehe 28 Februari 2015 walishinda shindano la taifa, wakachaguliwa kuwakilisha Ufini katika Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya lililoanza mwaka 1956, mwaka uleule aliozaliwa Kurikka. Wimbo wao, Aina mun pitää, ni malalamiko ya mtu ambaye kila siku anaambiwa fanya hiki, acha kile: usafi, vyombo, daktari, chakula hiki ndiyo, kile hapana. Kanuni za shindano zinaruhusu dakika 3. Wao walitumia dakika 1 na sekunde 27 tu, na hakuna wimbo mfupi kuliko huo katika historia yote ya Eurovision.

Watu wengine walisema Wafini wamewachagua kwa huruma. Wanabendi walijibu wazi kwamba hawataki kura za huruma. Anayependa muziki wao apige kura, asiyependa aache. Tarehe 19 Mei 2015 walipiga mjini Vienna, Austria, katika duru ya kwanza ya nusu fainali, na hawakupita. Hilo nalo ni heshima. Walipimwa kama bendi nyingine, wakashindwa kama bendi nyingine. Walirudi nyumbani, wakaendelea kupiga, na mwisho wa mwaka 2016, Kurikka alipotimiza miaka 60, bendi ikafunga kazi.

Ndugu na dada, lugha yetu ina maneno mawili yaliyo karibu sana: kumcheka mtu, na kucheka naye. Katika mitaa yetu, mtu mwenye ulemavu wa akili huchekwa. Watoto humfuata barabarani, wakubwa humpa ngoma kwenye arusi ili wafurahi kidogo, kisha wanamnyang'anya. PKN waligeuza jambo hilo. Wao wenyewe walishika kipaza sauti, wao wenyewe wakachagua cha kuchekesha, na aliyechekwa akawa yule anayewapangia maisha bila kuwauliza.

Sisi Wakongo hatuko wageni katika habari hii. Staff Benda Bilili wa Kinshasa, ambao wengi wao waliugua polio na kutembea kwa baiskeli za magurudumu matatu, walitoa albamu yao Très Très Fort mwaka 2009, wakapiga katika nchi nyingi. Jina lao kwa Kilingala linatuita tutazame zaidi ya kinachoonekana kwa macho. Lakini ulemavu wa miguu unaeleweka upesi. Ulemavu wa akili bado unafichwa. Wako wazazi wanaofungia mtoto nyumbani wageni wakija, na wako watoto wanaoitwa wachawi kwa sababu tu wanasema au wanatenda tofauti na wenzao. Hapo utani umekwisha, kwa maana mtoto anayeitwa mchawi anaweza kupigwa, kufukuzwa, hata kuuawa.

Kwa karatasi hatukuchelewa. Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015. Ufini yenyewe iliuthibitisha mwaka 2016, baada yetu. Tarehe 3 Mei 2022 nchi yetu ilitangaza pia sheria ya kulinda haki hizo. Lakini sheria haimfungulii mtoto mlango wa chumba alimofungiwa. Mlango unafunguliwa na mama, baba, jirani, kiongozi wa kwaya.

Basi tufanye nini? Hatuna haja ya kuanzisha bendi za punk katika makanisa yetu. Tuanze kwa kuuliza. Kila kanisa la mahali lina mtu wa namna hii, na wengi wetu hatujamwuliza hata mara moja: unapenda nini, hupendi nini, unataka kufanya nini pamoja nasi? Akiwa na sikio la muziki, apewe nafasi katika mazoezi ya kila juma, si katika sikukuu moja kwa mwaka. Akikosea, arekebishwe kama wengine. Akilalamika, asikilizwe, hata kama malalamiko yake ni juu ya kucha. Na akituchekesha, tuangalie kwanza kama yeye mwenyewe anacheka.

Wazee walisema: hujafa, hujaumbika. Hakuna kati yetu aliye na uhakika atamaliza safari yake akiwa na viungo vyote na akili yote. Namna tunavyowasikiliza hawa leo ndiyo namna tutakavyotamani kusikilizwa kesho.