William Leigh: mchoraji wa mandhari aliyefika Mikeno

Katika jumba la makumbusho ya maumbile mjini New York kuna ukumbi wenye vyumba 28 vya vioo, kila kimoja kikionyesha wanyama wa Afrika na mahali wanapoishi. Kimojawapo ni cha gorila wa Kivu. Mbele kuna wanyama na majani. Nyuma kuna mteremko wa mlima Mikeno, na mbali zaidi volkano za Nyiragongo na Nyamulagira. Sehemu hiyo ya nyuma ilichorwa ukutani kwa rangi na Mmarekani William Robinson Leigh.

Leigh alizaliwa mwaka 1866 katika jimbo la West Virginia. Alianza kusomea uchoraji Baltimore, kisha akakaa Munich, Ujerumani, kwa miaka kama 12. Aliporudi New York alijipatia riziki kwa kuchorea magazeti. Mwaka 1906 kampuni ya reli ilimpa safari ya bure kwenda magharibi mwa Marekani, naye akalipa kwa picha ya bonde kuu la Arizona. Tangu hapo majangwa na nchi ya Wahopi na Wanavajo vilikuwa kazi yake kubwa.

Mwaka 1926 Carl Akeley, mtaalamu wa kukausha wanyama, alimchukua katika msafara wa Afrika Mashariki na Kongo. Akeley alifariki Novemba mwaka huo, akazikwa Kabara, kati ya Mikeno na Karisimbi. Kazi haikusimama. Leigh aliendelea kuchora huko mlimani, kwa kuwa picha za kamera za wakati ule hazikuweza kuaminika kwa rangi. Wenzake walikusanya mimea ili majani yake yatengenezwe upya kwa nta. Alirudi Afrika mwaka 1928, na kuanzia 1932 hadi 1935 alisimamia uchoraji wa kuta. Ukumbi ulifunguliwa mwaka 1936.

Uchoraji wa aina hii una ugumu wake. Ukuta umepinda, kwa hiyo mstari ulionyooka mlimani huonekana umevunjika usipopindwa kwa makusudi. Pia udongo wa kweli lazima ukutane na udongo uliochorwa bila jicho kuona mpaka. Mchoraji huchagua mahali pamoja pa kusimama, na mtazamaji yeyote atakayefika atasimama hapo hapo. Sisi tunaosoma lugha tunalijua jambo hili: kila usemi una msemaji, na msemaji yuko mahali fulani.

Na Leigh alisimama wapi? Mahali pasipo na watu. Katika mandhari yake hakuna njia, shamba wala moshi wa jikoni, ingawa msafara ule ulipandishwa mlimani na wapagazi wenyeji. Mtazamo huo ulikuwa pia wa sheria. Mwaka 1925, kwa ushawishi wa Akeley mwenyewe, Mfalme Albert wa Ubelgiji alikwisha kuanzisha hifadhi iliyobeba jina lake, ambayo leo ni Virunga. Baadaye ilipanuliwa kuelekea kaskazini hadi Semliki na Ruwenzori, katika eneo letu la Beni. Walioishi ndani walipoteza malisho, mashamba na uvuvi, na ugomvi wa mipaka haujaisha.

Lakini kuna picha nyingine ya milima ile ile, nayo imo katika majina. Karisimbi huhusishwa na neno la Kinyarwanda *isimbi*, kombe jeupe, kwa sababu ya weupe wa kilele chake. Kiswahili nacho kina *simbi*. Katika Sabyinyo limo neno *iryinyo*, ambalo kwetu ni jino, kwa kuwa vilele vyake vimepangana kama meno ya mzee. Muhabura ni mwenye kumwonyesha njia aliyepotea. Mikeno huhusishwa na ufukara: mlima mkali usiokalika. Kila jina lina mtu ndani yake, anayetazama kutoka bondeni, anayesafiri, anayetafuta pa kulima. Picha ya Leigh ni sahihi hadi kwenye jani, lakini mtu huyo hayumo.

Ukumbi ule ule una okapi wa msitu wa Ituri, msitu unaoanzia kwetu Eringeti. Mnyama huyo alitangazwa kwa wataalamu wa Ulaya mwaka 1901, na jina lake walilichukua kwa watu wa msitu. Neno lilisafiri hadi New York, waliolisema wakabaki bila kutajwa.

Hapa Eringeti, kwenye barabara ya kutoka Oicha kwenda Komanda, vijito, vilima na mashamba ya kakao vina majina ya Kinande, ya Kimbuba na ya lugha nyingine za msitu. Mashambulizi yamewahamisha watu mara nyingi. Mtoto anayekulia Beni mjini hapiti kwenye kijito ambacho babu yake alikiita kwa jina, hivyo hana sababu ya kujifunza jina hilo. Mandhari ya Leigh inatunzwa nyuma ya kioo. Ya kwetu imo vinywani mwa wazee waliokimbia, ambao wengi wanaishi karibu na vyuo vyetu. Daftari, kinasa sauti cha simu na mzee mmoja anayekumbuka njia ya shambani kwake vinatosha kuanza tasnifu.