Rangi ya Kweli ya Meno

Sisi tukaao Bukoto twasikia sana habari za kung'arisha meno. Mwenye fedha huenda kwa daktari wa meno, mwingine huenda saluni, na mwanafunzi asiye na kitu hujaribu limau na makaa chumbani mwake. Vijana wengi huniuliza, "Je, meno yangu ni mabaya kwa kuwa yana rangi ya manjano?" Nataka kuwajibu hapa, kwa maana wengine wanaharibu kitu kisichoweza kurudi.

Kwanza yafaa tujue jino limejengwaje. Sehemu ya juu huitwa enameli, nayo ni ngumu kupita mfupa. Lakini enameli si nyeupe kama chokaa. Hupenya mwanga, kama kioo chenye ukungu. Chini yake iko dentini, ambayo asili yake ni ya manjano. Basi rangi tuionayo ni ya dentini ikichungulia kupitia enameli. Kadiri mtu anavyozeeka enameli hulika na dentini huongezeka, ndiyo sababu meno ya babu ni ya manjano kuliko ya mjukuu, hata kama babu hupiga mswaki kila siku. Madaktari hutumia kipimo kiitwacho Vita chenye meno ya mfano 16, ya rangi mbalimbali za meno ya watu. Hakuna hata moja lililo jeupe kama karatasi.

Wengine husema meno ya Waafrika ni meupe kuliko ya watu wengine. Mara nyingi hayo ni macho kudanganyika: kitu cheupe kikiwa karibu na kitu cheusi huonekana cheupe zaidi.

Madoa ya meno ni ya namna mbili. Ya nje huletwa na chai, kahawa, tumbaku na mairungi, nayo daktari aweza kuyaondoa kwa kusafisha meno tu. Ya ndani huingia jino linapoumbwa. Dawa iitwayo tetrasaiklini, akipewa mtoto ambaye hajatimiza miaka 8, huweza kuyatia meno yake rangi ya kijivu au kahawia. Kadhalika maji yenye madini mengi ya floraidi huleta mabaka meupe au ya kahawia. Maji ya namna hiyo yapo mahali pengine katika wilaya za Kisoro na Kasese hapa Uganda, pande za Nakuru na Naivasha huko Kenya, na Arusha huko Tanzania. Marekani, daktari Frederick McKay aliona mabaka hayo katika mji wa Colorado Springs tangu mwaka 1901, na sababu yake haikujulikana mpaka 1931. Nimesikia wanafunzi wakimcheka mwenzao mwenye meno ya namna hiyo na kumwita mchafu. Ni uonevu mtupu. Aliyatoa kisimani kwao akiwa mtoto, na pengine anapiga mswaki kuwashinda wao.

Sasa, dawa ya kung'arisha hufanyaje kazi? Dawa yenyewe ni haidrojeni peroksaidi, ambayo hupenya ndani ya jino na kuvunjavunja vitu vyenye rangi. Ikitumiwa na daktari kwa kiasi, si hatari kubwa, ingawa meno huweza kuuma kwa siku kadhaa mtu anapokunywa kitu cha baridi. Lakini weupe wake haudumu milele, haubadili jino la bandia wala lililozibwa, na mabaka meupe ya floraidi huweza hata kuonekana zaidi. Dawa ikiwa kali na mtumiaji hana ujuzi, huunguza ufizi. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2012, nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu dawa iliyozidi asilimia 0.1 iuzwe ovyo. Iliyozidi hapo, mpaka asilimia 6, hutolewa kupitia kwa daktari wa meno tu, na asiyetimiza miaka 18 hapewi.

Mambo ya limau na makaa ni mabaya zaidi. Asidi ya limau huyeyusha enameli, na unga wa makaa huikwangua. Siku za kwanza meno hung'aa, na mtu hufurahi. Lakini enameli ikiisha haioti tena kama ukucha. Dentini hubaki karibu na nje, na meno huwa ya manjano kuliko mwanzo! Mpwa wangu alitumia limau muhula mzima. Leo hawezi kunywa maji ya baridi bila kukunja uso.

Basi nawashauri hivi. Pigeni mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, bila kutumia nguvu nyingi. Sukuteni kinywa kwa maji baada ya chai. Punguzeni soda, na tumbaku iacheni kabisa. Mtu akiona jino moja limebadilika rangi peke yake, asilifiche kwa dawa ya kung'arisha, bali aende hospitali, kwa maana huenda jino hilo limekufa ndani.

Jino zima lenye umanjano hutafuna muwa vizuri. Jino jeupe lililolika halitafuni kitu.