Watu bado wanapiga gitaa, kwa nini duka la gitaa linafungwa?

Leo naongea na wenye maduka ya vyombo vya muziki, lakini hata kama unauza baiskeli, cherehani au vifaa vya simu, soma mpaka mwisho. Ugonjwa ni mmoja, tofauti ni jina la bidhaa tu.

Mimi nina duka dogo hapa Morogoro. Nauza magitaa, vinanda, maiki, kebo, nyuzi na vijiti vya drum. Biashara hii sikuisomea popote, nilimaliza kidato cha nne nikaingia dukani na kujifunza humo humo. Wateja wangu ni kwaya, bendi za harusi, shule na vijana wanaoanza kujifunza. Swali ninaloulizwa kila wiki ni hili: "Mbona mtandaoni bei iko chini?" Na ni kweli iko chini. Mtu wa Kariakoo anapiga picha gitaa, anaweka kwenye ukurasa wake, mteja anatuma hela kwa simu, kifurushi kinapanda basi na jioni kiko stendi ya hapa. Hajalipa fremu ya Morogoro, hajalipa umeme wa hapa.

Sasa tuelewane jambo moja kwanza. Watu wanachanganya duka la vyombo na duka la kanda na CD. Yale ya kanda yalikufa kwa sababu bidhaa yenyewe iligeuka faili, ikahamia kwenye simu. Pale muuzaji hakuwa na la kufanya. Lakini gitaa haliingii kwenye simu. Ni mbao, chuma na nyuzi, na lazima mtu alishike. Kwa hiyo duka la vyombo likifa, lina sababu nyingine, na hiyo tunaweza kuifanyia kazi.

Tuangalie wenzetu wakubwa

Marekani kulikuwa na maduka ya Sam Ash. Yalianza mwaka 1924 kule Brooklyn, New York, yakianzishwa na mpiga fidla mmoja pamoja na mke wake. Inasimuliwa kwamba mama alitoa pete yake ya uchumba iwekwe rehani ili wapate hela ya kuanzia. Familia ikaendesha biashara kizazi kwa kizazi. Mwaka 2024, miaka 100 kamili, wakatangaza kufunga maduka yote. Yalikuwa zaidi ya 40.

Je, Wamarekani waliacha kupiga gitaa? Hapana. Mwaka 2020, watu walipokaa ndani kwa sababu ya korona, kampuni ya Fender inayotengeneza magitaa ilipata mauzo makubwa kuliko mwaka wowote wa nyuma. Wanunuzi walikuwepo, njia ya kununua ndiyo ilibadilika. Kuna na suala la kodi: kwa miaka mingi, muuzaji wa mtandaoni asiye na duka kwenye jimbo la mteja hakulazimika kukusanya kodi ya mauzo ya jimbo hilo. Mwenye duka alilazimika. Mahakama Kuu ya Marekani ilibadilisha hilo mwaka 2018, lakini wateja walikuwa wameshazoea kubonyeza simu.

Mwingine ni Guitar Center, mkubwa kuliko wote kule. Mwaka 2020 nao waliomba kinga ya mahakama wakiwa na deni la karibu dola bilioni 1.3. Deni hilo lilikuwa na historia ndefu. Mwaka 2007 kampuni ilinunuliwa na wawekezaji kwa takriban dola bilioni 2, na sehemu kubwa ilikuwa hela ya mkopo uliobebeshwa kampuni yenyewe. Walisamehewa sehemu ya deni, wakarudi kazini, na maduka yao yapo mpaka leo. Ukimwona mkubwa ameyumba usikimbilie kusema "mtandao umemuua". Uliza pia alikuwa anadaiwa kiasi gani.

Wa tatu ndiye anayenifikirisha zaidi. Ujerumani kuna Thomann, muuzaji wa vyombo vya muziki mtandaoni anayeogopwa na maduka karibu yote ya Ulaya. Unajua kalianzia wapi? Ni kaduka ka mwanamuziki mmoja, mwaka 1954, kwenye kijiji kidogo kinaitwa Treppendorf. Mpaka leo duka liko kijijini hapo hapo, na karakana za kutengeneza vyombo zipo. Ukinunua kwake una siku 30 za kurudisha na waranti ya miaka 3. Kwa maana hiyo, anayetumaliza kule Ulaya ni duka la kijijini ambalo halikuacha kuhudumia mteja baada ya kuuza. Tukilala na kusema "wa mtandaoni hawana huduma", tunajidanganya.

Hesabu ya kushusha bei

Wengi wetu tukisikia bei ya mtandaoni, tunashusha ya kwetu. Tufanye mfano. Gitaa umelinunua 150,000, unauza 210,000, faida kabla ya matumizi ni 60,000. Ukiuza matano kwa mwezi una 300,000. Mtandaoni linauzwa 180,000 na nauli ya basi 10,000, jumla 190,000. Na wewe unashusha mpaka 190,000.

Kwa mteja umepunguza elfu 20 tu. Kwako faida imetoka 60,000 mpaka 40,000, umekata theluthi nzima. Ili upate ile 300,000 inabidi uuze magitaa 8 badala ya 5, kwenye mwezi ambao wateja wamepungua. Na mtandaoni kesho anaweza kushusha tena.

Sasa linganisha na hii. Kurekebisha gitaa la mteja, tuseme unatoza 20,000. Kazi tatu ni 60,000, sawa na faida ya gitaa zima, na hujalaza mtaji wa 150,000 ukutani miezi minne.

Ninachofanya

1. Tenganisha mali inayosubiri na isiyosubiri. Mtu akitaka kinanda anaweza kusubiri siku tatu. Lakini mpiga gitaa wa kwaya aliyekatikiwa uzi Jumamosi jioni hawezi kusubiri kitu, ibada ni asubuhi. Nyuzi, jeki, kebo, betri za 9V, adapta, vijiti, hivi visiishe kabisa dukani. Uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko zote, ndio unaokatika zaidi, kwa hiyo uwe nao wa kuuza mmoja mmoja. Faida yake ni ndogo lakini ndio unaomfanya mtu aijue njia ya dukani kwako.

2. Gitaa lisitoke dukani kama lilivyotoka kwenye boksi. Magitaa ya bei nafuu mengi yanakuja nyuzi zikiwa juu sana, mwanafunzi anaumia vidole na baada ya wiki mbili anaacha. Shingo nayo inaweza kuwa imepinda kidogo, inanyooshwa kwa kile kispana cha umbo la L. Vyuma vya shingoni vinakwaruza pembeni, vinapigwa msasa taratibu. Nusu saa ya kazi, na gitaa la 200,000 linapigika vizuri kuliko lenzake la 180,000 lililofungwa kwenye boksi. Kisha mwambie mteja nini umefanya, ukimwonyesha kwa kidole. Asipojua, kwake bei yako ni kubwa tu.

3. Mpokee aliyenunua kwingine. Hapa wengi wanakwama kwa hasira. Kijana alikuja wiki iliyopita, akajaribu gitaa nusu saa, akapiga picha namba yake, akaondoka. Leo anarudi na la mtandaoni, nyuzi ziko juu. Ukimnunia, umepoteza gitaa na kazi pia. Mimi nina karatasi ukutani yenye bei za kazi: kubadilisha nyuzi, kurekebisha shingo, kulehemu jeki. Anayenunua kwangu anafanyiwa bure mara ya kwanza. Aliyenunua kwingine analipa kama ilivyoandikwa, bila maneno. Akijumlisha mwenyewe 190,000 na 20,000, anapata bei yangu ile ile.

4. Jua umeme. Hili limeniletea wateja wengi. Kwetu umeme ni volti 230. Marekani ni 120 na Japani ni 100. Kuna vinanda na spika vinaagizwa au kuletwa na ndugu kutoka huko, adapta imeandikwa 120V peke yake. Ukichomeka moja kwa moja, umeunguza. Soma kile kibandiko kilicho nyuma: kikiwa na "100-240V" uko salama, kikiwa na 120V au 100V tu, kinahitaji transfoma au adapta nyingine inayolingana. Mwambie mteja hili hata kama hajanunua kwako. Atakukumbuka.

5. Vitu vikubwa chukua kwa oda. Kwaya ikitaka miksa, spika na maiki nne, pokea nusu ya hela kwanza, andikishianeni, kisha leta mzigo. Halafu nenda ukafunge mwenyewe, uwaelekeze wanaoutumia, utoze na hiyo kazi. Kifurushi cha basi hakifungi spika kanisani.

6. Tumia simu yako. Kama duka la kijiji cha Ujerumani limefika huko, na sisi tuna simu mkononi. Usiweke picha uliyoichukua kwa watu. Rekodi dakika moja ukipiga gitaa lenyewe lililoko dukani, useme bei, useme limefanyiwa nini.

Na tuwe wakweli. Kuna mteja ambaye mtandao unamfaa kuliko mimi. Mpigaji mzoefu anayejua aina anayotaka mpaka rangi, na mimi sina, namwambia aagize na nyuzi aje kununua kwangu. Kumng'ang'ania ni kupoteza muda wa wote wawili.

Kabla hujalipa kodi nyingine

Kodi za fremu zetu mnazijua, miezi 6 kwa mkupuo. Ukishatoa hela hiyo hairudi. Kwa hiyo uamuzi wa kubaki au kuondoka ufanye kwa daftari, usiufanye kwa presha ya mwenye nyumba.

Chukua daftari, kila siku andika mafungu matatu: mauzo ya vitu vikubwa, mauzo ya vitu vidogo, na hela ya kazi za mikono. Pembeni andika idadi ya walioingia wakauliza wakaondoka. Fanya hivyo miezi mitatu. Kisha angalia: je, faida ya vitu vidogo pamoja na kazi za mikono inalipa kodi ya mwezi? Kama inalipa, duka lako linasimama hata mwezi ambao hujauza gitaa hata moja. Kama hailipi hata nusu, na haipandi, basi fremu ya barabarani ni mzigo. Hamia chumba cha nyuma chenye kodi ndogo uwe fundi mwenye nyuzi na kebo, wateja wa kazi watakufuata. Kufanya hivyo ukiwa bado una mtaji ni bora kuliko kufukuzwa ukiwa na madeni.

Mimi mwenyewe niko kwenye hesabu hiyo hiyo. Mwezi uliopita vitu vidogo na kazi za mikono vililipa robo tatu ya kodi yangu. Zimebaki wiki saba mkataba uishe. Ikifika kodi nzima nasaini tena, isipofika nimeshaona chumba nyuma ya soko, kina dirisha na meza ya fundi inaenea.

Gitaa mtu atanunua popote, lakini uzi ukikatika Jumamosi jioni atamtafuta aliye karibu na aliye wazi. Hakikisha ni wewe.